Fundi anataka kuzungushia meko ya sebuleni mbao na paneli za plastiki, nimruhusu?

Shikamoo Mjomba Fundi,

Mimi ni msomaji wako wa huku Newala, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, nimeona nikuandikie leo maana ndani ya nyumba yetu hakuelewani na fundi anarudi jumatatu.

Iko hivi mjomba. Tunakaa kwenye nyumba aliyotuachia baba mkwe, ni ya zamani sana, enzi za mkoloni, kuta za mawe nene ambazo ukitaka kupigilia msumari wa picha unapinda mpaka unakata tamaa, na sebuleni kuna ile meko ya kuotea moto iliyojengwa ndani ya ukuta, wenyewe wanaita faya plesi, chimni yake inapita kwenye dari na kutokea juu ya bati. Miaka minne tumeifanya stoo ya viatu na madaftari ya wanafunzi. Ndugu zetu wa Mtwara mjini wakija wanacheka, meko ya nini wakati nyie mnalala na feni, lakini wewe mjomba unaijua Newala, mwezi wa sita na wa saba ukungu unapanda kutoka bondeni upande wa Shimo la Mungu mpaka dirishani na asubuhi watoto wanaenda kuoga wanalia.

Sasa hela ya korosho ilipoingia mume wangu akasema mwaka huu tufanye finishingi ya sebule na meko tuifufue kabla baridi haijaanza. Akamleta fundi mmoja kijana, anajua kazi za kisasa, ana picha kibao kwenye simu. Mpango wake ni huu, ukuta wote wenye meko unapigwa fremu za mbao halafu jipsam, juu ya jipsam zile paneli za pivisii zenye mchoro wa maabo, kulia na kushoto kwa mdomo wa meko nguzo mbili za mbao, na juu yake shelfu ya mninga. Mbao ya mninga tayari ipo, ni nzuri mjomba, mita mbili, unene sentimita 5, inatokeza sentimita 20, na fundi ameshapiga alama ya penseli sentimita 15 juu ya mdomo. Juu ya shelfu tivii inchi 55. Na mume wangu anataka pale kwenye shelfu akae kinyago cha mpingo cha babu yake, kile cha watu waliobebana.

Mimi roho inasita. Siku moja tuliwasha kujaribu tu, nusu ya moshi ukarudi sebuleni, na pale juu ya mdomo kuna alama nyeusi kama ulimi ambayo hata ukipaka rangi inarudi. Kwenye dari, karibu na chimni inapopita, singibodi ina duara la kahawia. Pia kuna ufa mwembamba umetoka kona ya mdomo unapanda kwenda juu kwa mshazari. Nimepima mdomo ni upana sentimita 90 na urefu 75. Kapeti la plastiki linaanza kama sentimita 30 mbele ya meko.

Mama mkwe anasema hilo ni shimo la popo, zibeni na tofali muendelee na maisha. Shemeji yangu naye anasema kuni za nini, chomeni maganda ya korosho ni ya bure. Fundi anasema mimi mwanamke naogopa bure, jipsam haiungui. Kweli haiungui mjomba? Na kama tumekosea, mninga wangu nitauweka wapi?

Mpwa wako, Newala

*

Marahaba mpwa wangu. Mwambie huyo fundi jumatatu asije, au akija aje na ngazi na tochi tu, msumeno auache kwake. Hujaogopa bure. Wewe ndo umeiangalia hiyo meko kwa macho, wenzio wote wameangalia picha kwenye simu.

Nianze na lile duara la kahawia kwenye singibodi maana hilo ndo limeninyima usingizi kuliko hata paneli. Inaweza kuwa ni maji tu, bati limeachia pale chimni inapotokea na mvua inashuka, hilo ni jambo la kawaida na ndo sehemu ya kwanza nyumba za namna hiyo huvuja. Lakini inaweza kuwa joto, yaani chimni ina ufa huko ndani ya dari na moshi wa moto unatokea kwenye mbao. Huwezi kujua ukiwa umekaa kwenye kochi.

Nikupe kisa changu. Zamani kidogo nikiwa na nguvu za kupanda kenchi niliitwa kwenye tanuri moja la mikate hapa Mtwara mjini, mwenyewe analalamika kuna harufu ya kuungua kila siku jioni na haoni kitu. Bomba la moshi lilikuwa limejengwa kwa tofali, limepakwa lipu safi kabisa na rangi nyeupe, huwezi kulitilia shaka. Nikapanda darini. Fundi aliyejenga aliona papi moja, ile mbao ya paa inayobeba bati, ni fupi, akaliingiza kichwa chake ndani ya tofali za bomba lipate pa kukaa. Nililishika kwa vidole vyangu viwili, likamomonyoka kama andazi lililolala, jeusi mpaka katikati, mkaa mtupu, na hakuna siku hata moja mtu aliona mwali wa moto pale. Mbao ndivyo zilivyo. Mbao nzima inataka joto la nyuzi 250 na kuendelea ndo ishike moto kirahisi, lakini ukiipika polepole kwa joto dogo, miezi, miaka, inakauka, inageuka mkaa taratibu na sasa inaweza kushika kwa joto la chini kabisa kuliko lile. Kwaiyo fundi anawasha meko mbele yako mara tatu, mbao haijafanya kitu, anakwambia unaona? Umeona nini, umeona siku ya tatu tu.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni kupanda darini mchana, na mtu mwepesi, akanyage kenchi asikanyage singibodi, amulike chimni pande zote. Kila mbao inayogusa chimni itolewe au ikatwe na kuegeshwa kwenye nguzo nyingine. Kanuni za nyumba za kuishi wanazotumia Wamarekani, na wao wanaota moto sana kuliko sisi, zinataka nafasi ya sentimita 5 kati ya mbao na chimni inayopita ndani ya nyumba, na nyuma ya meko yenyewe sentimita 10. Hapo katikati pabaki hewa. Usikubali mtu ajaze sponji wala magunia eti kuzuia panya. Na kama huko darini utakuta vibao vya kijivu vigumu vyenye nyuzinyuzi kama vya yale mabati ya zamani ya asbesto, usivikwangue wala kuvivunja, viache vilivyo utafute mtu anayejua kuvitoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Halafu fanyeni jaribio la gunia. Hili nalipenda kwa sababu halina gharama na halidanganyi. Toeni viatu na madaftari kwanza (na mfagie, maana umeniambia mama mkwe anasema popo, nami nadhani mama mkwe hajakosea). Popo msiwachome humo ndani na moshi, subirini magharibi watoke wenyewe, siku mbili tatu mhakikishe hamna watoto wao, ndo mfunge wavu wa chuma juu ya mdomo wa chimni. Baada ya hapo chimni ipigwe brashi ya waya kutoka juu mpaka chini. Sasa washa moto mdogo sana wa nyasi kavu, tupia majani mabichi kidogo utoke moshi mweupe mzito, milango na madirisha yote wazi, watoto wako kwa bibi yao. Mtu mmoja aliyeko juu ya bati afunike mdomo wa chimni na gunia lililoloweshwa maji. Moshi ukikosa pa kutokea juu unatafuta nyufa. Yule wa darini na tochi yake anaangalia unachomozea wapi, anaweka alama ya chaki, basi, gunia linatolewa, moto unazimwa. Dakika chache tu, na aliyeko darini akianza kukohoa anashuka, hakuna ushujaa hapo. Chimni ikitoa moshi darini hata uzi mmoja, hamna meko mpaka izibwe, na mazungumzo ya paneli yanafungwa.

Moshi kurudi sebuleni nao una sababu zake. Ya kwanza ni hao popo na takataka zao. Ya pili ni chimni fupi, iangalie ukiwa nje, inatakiwa ipande angalau sentimita 90 juu ya bati pale inapotokea, na izidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka kwake, la sivyo upepo wa huko juu Newala unaugonga moshi na kuurudisha. Ya tatu ni vipimo vya mdomo. Mdomo wako 90 kwa 75 ni sentimita za mraba 6,750, na tundu la chimni kwa kawaida linataka liwe kama moja ya kumi ya hapo, yaani 675, sawa na tundu la mraba la 26 kwa 26. Mpe mtu apime. Ukikuta tundu lako ni dogo usibomoe chimni, punguza mdomo. Chukua kipande cha bati nene, washa moto wa kawaida, mtu mwenye glavu akishikilie juu ya mdomo akishushe polepole sentimita moja moja mpaka moshi uache kutoka mbele, pale uliposimama ndo urefu wa mdomo wako, unamwambia fundi chuma akutengenezee pleti ya kukaa hapo. Nimefanya hivo nyumba mbili. Zote mwenye nyumba alikuwa ameshakata tamaa.

Ile alama nyeusi kama ulimi ni huo huo moshi uliokuwa unatoka mbele miaka na miaka, lami yake imeingia kwenye lipu. Rangi haiwezi, ikipata joto lami inatoka tena. Ondoa lipu yote ya pale iliyolowa moshi mpaka kwenye jiwe.

Sasa ukuta. Jipsam haiungui, fundi wako amesema kweli nusu. Jiwe la jasi, hili hili linalochimbwa hapo Kilwa, lina maji ndani yake yaliyofungwa, karibu moja ya tano ya uzito, na nyumba ikiungua maji hayo ndo yanachelewesha moto kwa muda, ndo maana limepata jina. Lakini hiyo ni siku moja ya ajali. Ukilikalisha jirani na meko kila jioni linatoa maji yake kidogo kidogo, linakuwa unga, skrubu zinaachia. Watengenezaji wenyewe wanasema lisikae mahali penye joto la muda mrefu linalozidi nyuzi 52, na ukuta wa juu ya meko unavuka hapo bila shida. Halafu anaposema jipsam haiungui hajataja fremu za mbao alizozificha nyuma yake! Hizo ndo papi langu la tanuri la mikate.

Paneli za pivisii sina cha kuzungumza nazo karibu na meko. Ni plastiki, kwenye nyuzi kama 80 zinaanza kulegea na kupinda kama karata za zamani, na zikishika moto zinatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo inageuka tindikali. Nazipenda kwenye korido. Kama mumeo kazinunua tayari, zipo kuta nyingine tatu za sebule, zipige huko, ukuta wa meko uuache uwe wa mawe.

Na kwanini msiuache uwe wa mawe kweli? Nyumba za watu siku hizi wananunua plastiki iliyochorwa mawe, wewe una mawe halisi umeyaficha. Toa lipu, piga brashi, ziba viungo na chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi. Usipige lipu kali ya sementi juu ya ukuta wa zamani wa chokaa, sementi ni ngumu haichezi, joto likija ukuta unatanuka lipu inakataa, inabanduka vipande. Kama hupendi mawe, pandisha ukuta mwembamba wa tofali za kuchoma kuzunguka mdomo, hizo zimeshapita motoni zamani hazina cha kuogopa. Tailizi za udongo nazo zinafaa kwa uso wa mbele, ila uliza gundi inayostahimili joto, za kawaida zinaachia, na ndani ya meko usipige tailizi kabisa.

Ndani kwenyewe pia pana kanuni yake na wazee wetu wa pwani waliijua bila kitabu. Pale Mikindani walikuwa wanapanga magogo duara, juu wanarundika mawe ya matumbawe, wanawasha, asubuhi wanakuta chokaa. Jiwe la chokaa likipata moto wa kutosha ndo linavyofanya. Kwaiyo fundi akikwambia akarabati ndani ya meko kwa mawe ya matumbawe au bloku za sementi mkatalie, matumbawe yatageuka chokaa, bloku itapasuka na kumenyuka. Mawe ya mtoni nayo hapana, yana maji ndani, yanalipuka vipande na kuruka. Tumia tofali za moto, zile maalum za kustahimili moto mkali, kama mnazipata, kama hamzipati tofali za kuchoma zilizoiva vizuri, zile zinazolia kengele ukizigonganisha, na kiunganishi kiwe udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu na mchanga, tabaka jembamba. Ukuta wa meko ukiwa na tofali za moto kwa ndani unatakiwa uwe na unene wa jumla usiopungua sentimita 20, bila hizo sentimita 25. Nyumba yako ya mawe nadhani imepita hapo kwa mbali, lakini pima nyuma ya meko, wakati mwingine walikuwa wanachonga ukuta ukabaki mwembamba.

Ule ufa wa mshazari kutoka kona. Angalia kizingiti cha juu ya mdomo ni kitu gani, jiwe, zege, au chuma. Kama ni chuma na kimebanwa kwenye mawe kichwa na miguu, joto linakirefusha na kinasukuma kona, ndo ufa huo, dawa yake ni kukitoa na kukirudisha kikiwa na nafasi kidogo pande mbili. Weka alama mbili za penseli kwenye ufa na tarehe, uangalie kwa wiki chache. Ukipanuka usiendelee na chochote, tafuta mtu wa majengo aje aone kwa macho, hilo siwezi kulimaliza kwa barua.

Mninga sasa, najua ndo ulikuwa unausubiri. Kwenye kanuni zile zile, kitu chochote cha kuungua hakiruhusiwi kabisa ndani ya sentimita 15 kuzunguka mdomo. Kuanzia hapo mpaka sentimita 30 kinaruhusiwa ila kisitokeze zaidi ya moja ya nane ya umbali wake. Piga hesabu mwalimu, kwenye sentimita 15 kinaruhusiwa kutokeza kama sentimita 2 tu, fundi wako ametokeza 20, mara kumi. Hata kwenye 30 ni chini ya 4. Ukivuka 30 kanuni inakuachia. Mimi kwa meko ya zamani ambayo imeshawahi kurudisha moshi ningepandisha mpaka 50, na kabla ya kufunga chochote washeni moto mzuri wa masaa mawili halafu weka kiganja ukutani pale pale shelfu itakapokaa. Ukishindwa kukiacha kiganja, panda juu zaidi. Ishikilie kwa engo za chuma zilizochomelewa na bolti za chuma zinazokaza ndani ya jiwe, plagi za plastiki zitalegea na vile vipande vya mbao mafundi wanavyogongea kwenye tundu ndo usivione kabisa. Na zile nguzo mbili za pembeni ziwe za tofali, nguzo za mbao zinaangukia kwenye kanuni ile ile ya 15 na 30, ya nini kujipa kazi. Mkipaka mninga vanishi msiwashe moto mpaka harufu yote imeisha, ule mvuke wa tina unashika kabla ya kuni.

Tivii mwambie shemeji, samahani, mumeo, aihamishie ukuta mwingine. Tivii nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na waya za kawaida za umeme plastiki yake ni ya nyuzi 70, ukizipitisha nyuma ya ukuta wa chimni unazipika. Na shingo zenu zitauma kutazama juu hivyo. Kinyago cha babu hali kadhalika, mpingo ni mti mzito mpaka unazama majini, lakini ukikaushwa upande mmoja kila jioni unapasuka, na ufa wa mpingo haurudi. Kiwekeni kwenye kona yenye kivuli ambapo mgeni akiingia anakiona kwanza, babu hatakasirika.

Kapeti la plastiki livuteni nyuma. Kwa mdomo mkubwa kama wako, mbele panatakiwa sakafu isiyoungua sentimita 51 na pembeni kila upande 31. Kama chini ya kapeti ni sementi, inatosha, ni kuifunua tu. Na mkachomeleshe wavu wa chuma wa kusimama mbele, cheche ya kuni haina adabu. Msitumie wavu wa mbu wa dirishani, mwingi ni plastiki.

Maganda ya korosho, mpwa wangu, mkatalie shemeji kwa heshima lakini mkatalie. Yeye mwenyewe anajua yale mafuta ya ganda yanavyobabua mikono ya wanaobangua. Mafuta hayo hayo yakiungua yanapanda na moshi mkali unaowasha macho, na kinachobaki kinaganda ndani ya chimni kama lami, na lami ya chimni ndo inayoshika moto siku moja ukasikia mvumo huko juu kama lori linapita. Viwandani wanayachoma kwenye matanuri yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, sebuleni hapana. Kuni ziwe kavu, zilizopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita mpaka mwaka, mbichi nazo zinaleta lami. Kwaiyo za baridi ya mwaka huu mlitakiwa muwe mmezipasua jana, anzeni kuulizia kwa jirani mwenye stoo.

Kuhusu chokaa na lipu mpya, zipeni wiki nne zikauke kabla ya moto wa maana, na mzinyunyizie maji siku za mwanzo, najua maji ya Newala yana bei yake lakini hapo usibane. Moto wa kwanza uwe wa vijiti, wa pili umezidi kidogo, hivo hivo mpaka wiki iishe.

Na usiku msilale makaa yakiwa mekundu huku dirisha limefungwa lote kwa ajili ya baridi. Ile gesi ya makaa haina harufu. Mtu akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu na kichefuchefu wakati mnaota moto, tokeni nje kwanza mengine baadaye.

Mama mkwe naye umpe haki yake. Kama jaribio la gunia likishindwa na hela ya kutengeneza chimni haipo mwaka huu, kuziba ni jibu halali kabisa, mnaweka tofali mdomoni mnaacha tundu dogo la hewa chini ili chimni isioze kwa unyevu, juu mnafunika mvua isiingie, na mninga unakaa popote unapotaka, hata sentimita 15.

Niandikie baada ya kupanda darini. Niambie hasa lile duara la kahawia, ukiligusa limelowa au ni kavu linachanika, na papi la karibu yake lina rangi gani upande unaotazama chimni.